Nusu Nyeupe ya Ngao

Wifi yangu Ursula alikuwa marehemu kwa muda wa miezi minne, tangu Pasaka hadi mwezi wa nane, na katika miezi hiyo minne alisaga ngano, alichuna mikunga ya mtoni, na aligombana nami mara tatu akanishinda mara mbili. Nasema mapema ili mtu asije akanililia bure. Umarehemu wake ulichongwa kwenye jiwe kwa amri ya mdogo wake mwenyewe, Bwana Lionel Averill wa jumba kubwa, na jiwe lenyewe lipo hadi leo katika kanisa letu la Ellingfold, ukutani upande wa kaskazini. Anayebisha aende akaone.

Mimi ni Sabina Catchpole. Kaka yangu Gregory ndiye mwenye kinu cha maji pale darajani, na baba yetu alikuwa mwenye kinu, na babu vilevile. Hatujawahi kuwa na ngao, ile alama ya ukoo ya waungwana. Tuna jiwe la chini, jiwe la juu, na mto. Ursula alikuwa binti wa Bwana Ambrose Averill, mwenye ngao ya korongo watatu weupe juu ya rangi nyekundu. Korongo hao walikuwa kila mahali katika jumba lao: madirishani, kwenye vijiko, na kwenye ubao wa benchi lao la mbele kanisani. Ukiwaangalia vizuri ni mabata bukini wenye miguu mirefu, lakini hilo hatukulisema mbele yao.

Ndoa ilitangazwa Jumapili tatu kama ndoa za watu wote. Jumapili mbili za kwanza Bwana Ambrose alikuwa London kwenye kesi ya mashamba, na hakuna mtumishi aliyethubutu kumwandikia. Akarudi Jumamosi jioni. Asubuhi yake amekaa kwenye benchi lake na binti yake ubavuni, anamsikia Kasisi Wragg, ambaye wakati ule alikuwa kijana mwenye sauti ya kutetemeka, akimtangaza Ursula Averill na Gregory Catchpole kwa mara ya tatu, na kuuliza kama yupo mwenye pingamizi.

Mzee akasimama. "Ninalo mimi!"

"Pingamizi gani, Bwana?"

"Mtu huyo hana ngao!"

Kasisi Wragg akafungua kitabu. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Bwana," akasema, "hapa wametaja undugu wa damu, na wametaja mtu kuwa na mke mwingine. Ngao hawajaitaja."

Watu wakaangalia miguu yao. Hapo ndipo Ursula aliponyanyuka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na gauni la rangi ya divai ambalo kwa bei yake ungenunua ng'ombe wetu wote wawili. Akapita katikati ya kanisa, benchi baada ya benchi, kutoka mbele wanapokaa waungwana hadi nyuma kabisa tunapokaa sisi, jirani na kamba za kengele. Kaka yangu alikuwa mwekundu hadi masikioni. Ursula akasimama mbele ya mama yangu.

"Sogea, mama," akasema.

Mama akasogea. Tangu siku ile hakukaa tena kwenye benchi la korongo.

Mimi sikumpenda, na sioni haya kulisema. Nilimpa mpaka baridi ya kwanza. Nilidhani ataona barafu kwenye gurudumu la kinu, ataona namna unga unavyoingia hadi ndani ya mkate na kitandani na puani, atakimbilia kwao. Baridi ya kwanza ikamkuta ameshika shoka anavunja barafu, anaapa maneno ambayo hata mimi nilikuwa siyajui. Nilimuuliza kayapata wapi. Akasema kwa baba yake, siku za kesi.

Alizaa watoto watano. Wawili tuliwazika upande wa chini wa uwanja wa kanisa, karibu na mto, mahali ambapo kila masika maji huingia makaburini. Huko ndiko wanakozikwa watu kama sisi. Mama yake alizikwa ndani ya kanisa, chini ya sakafu kavu, na Ursula hakuruhusiwa kusimama karibu siku ya maziko. Alisimama nyuma, kwenye kamba za kengele, nikamshika kiuno.

Kuhusu baba yake nataka nieleweke. Bwana Ambrose alikuwa na kinu chake cha upepo mlimani, tena kipya. Lakini tangu mwaka wa tatu wa ndoa ile, ngano ya mkate wa mezani kwake ilisagwa kwetu. Alikuja mwenyewe juu ya farasi, nyuma yake mkokoteni. Hakushuka. Hakumwangalia binti yake, aliyesimama hatua tatu kutoka kwake na ufagio mkononi. Aliniuliza mimi.

"Unga umetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri, Bwana."

Akaondoka. Hivyo hivyo, miaka ishirini na tano. Mwaka wake wa mwisho alikuja akaelekeza uso kwa Ursula, akauliza yaleyale. "Unga umetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri, baba," Ursula akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Wifi yangu aliingia kinuni akalia hadi unga ukamgandia usoni, na mimi nilijifanya nahesabu magunia. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba baba yake alimzika akiwa hai. Nilikuwepo.

Aliyemzika ni Lionel. Huyu alikuwa na miaka kumi na miwili dada yake alipoolewa, na kabla ya hapo alikuwa akibebwa mgongoni mwake bustani nzima akimchapa kama farasi. Baba alipofariki, Lionel alitaka kaburi ambalo watu watatoka vijiji vingine kuja kuliona. Akamleta mchongaji Mholanzi kutoka Southwark, na mawe ya alabasta juu ya mikokoteni ya maksai. Kazi ilikwisha siku chache kabla ya Pasaka, mwaka wa thelathini na mbili wa utawala wa Malkia wetu. Siku ya Pasaka pazia likaondolewa, tukapita kwa mstari kuangalia.

Lilikuwa zuri, sitakataa. Mzee na mkewe wa jiwe wamelala chali, mikono imekutanishwa kifuani, kola zao za mikunjo zimechongwa mkunjo mmoja mmoja. Juu yao korongo watatu wakubwa kama kuku. Ubavuni, kwa chini, watoto wao watatu wamepiga magoti: Lionel, kisha Ursula katikati, kisha Francis mdogo aliyekufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Juu ya kichwa cha Lionel kulikuwa na ngao yake, nusu korongo wa kwao na nusu mikanda myeusi ya kwao mkewe. Mkononi mwa Francis kulikuwa na fuvu, kama inavyopasa, maana mtoto aliyewatangulia wazazi wake huchongwa ameshika fuvu. Hata asiyejua kusoma anajua kulisoma hilo.

Na mkononi mwa Ursula kulikuwa na fuvu. Juu ya kichwa chake hakukuwa na ngao wala alama yoyote.

Mstari ukasimama. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Wifi yangu aliinama, akaliangalia lile jiwe uso kwa uso. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za kinu.

"Wifi," akaniambia, "kumbe nimekufa! Mbona hukuniambia mapema? Ningevaa vizuri."

Tulimkuta Bwana Lionel mlangoni anapokea pongezi. Watu walipotuona wakapungua.

"Lionel," Ursula akasema, "mchongaji wako amekosea."

"Hajakosea. Amechonga nilichomwambia."

"Umemwambia mimi marehemu?"

"Kwetu ulikufa siku ile ulipokwenda kukaa kwenye kamba za kengele. Mama alikufa na aibu yako. Sitaweka jina la mtu wa unga katika kaburi la waungwana."

"Babu yako aliuza sufu, mwanangu. Hao korongo hawajatimiza hata miaka themanini."

Watu wawili watatu wakakohoa kuficha vicheko. Bwana Lionel akawa mweupe. "Jiwe limeshachongwa," akasema. "Litakaa vile mpaka siku ya kiyama. Zoea."

"Sawa," akasema Ursula. "Basi nitakuwa nakuja kulizuru kaburi langu."

Tuliporudi nyumbani kaka yangu alikaa kwenye kizingiti cha kinu bila kuvua kofia. Gregory si msemaji, na kinu kimemla masikio. Ukitaka akusikie umpigie kelele. Aliuangalia mto. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuponza, Ursula. Mimi ndiye niliyekuua." Na tangu siku hiyo hakupita tena upande ule wa kanisa. Aliingia kwa mlango mdogo, kichwa chini, kama mwizi. Wifi yangu angeweza kuvumilia jiwe. Kile kichwa kilichoinama hakuweza kukivumilia, aliniambia mwenyewe huku akikata kichwa cha mkunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Nitamwinua, wifi," akasema. "Hata ikibidi nilibomoe kanisa."

Jumapili iliyofuata alikuja na kishada cha maua ya mwituni. Ibada ilipokwisha, watu wote wakiwa bado wamesimama, alikwenda kaburini, akakiweka kile kishada mbele ya sanamu yake, akapiga goti, akasema kwa sauti: "Mungu ailaze roho ya Ursula mahali pema. Alikuwa mwanamke mzuri, ila mdomo."

Kasisi Wragg alimfuata mbio. Sasa alikuwa mzee, lakini sauti ilikuwa ileile ya kutetemeka.

"Mama Catchpole, nakusihi! Kuwaombea wafu ni marufuku sasa. Ni mambo ya zamani yale, ya Papa. Askofu akisikia ataniweka kikaangoni."

"Kwani nimemwombea mfu, Kasisi?"

"Umesema Mungu ailaze roho yake..."

"Nimejiombea mimi mwenyewe. Mimi ni mfu?"

"La hasha, mama, wewe u mzima."

"Basi hiyo sala si ya wafu, hakuna kosa. Lakini kama mimi ni mzima, hilo jiwe linadanganya ndani ya nyumba ya Mungu, nawe unasoma Amri Kumi mbele yake kila Jumapili. Chagua moja, Kasisi. Mimi nitangoja."

Kasisi akarudi kukusanya vitabu vyake. Alikuwa anakula kwenye meza ya Bwana Lionel mara mbili kwa wiki, na mkate aliokula ulitoka kwetu. Hakuchagua. Na Ursula alikuja kila Jumapili, mvua au jua, na kila Jumapili aliongeza neno. "Aliacha mume mwema." "Deni lake la siagi kwa Mama Pask litalipwa Jumatano." "Ametuachia mkate wa nyama, karibuni nyumbani baada ya ibada." Watu walianza kubaki makusudi. Wengine walitoka kijiji cha pili. Bwana Lionel alikaa kwenye benchi lake mgongo umenyooka, shingo ikipanda rangi juu ya kola.

Mwezi wa nane akaja mkaguzi wa ngao za Malkia. Huyu huja mara moja katika maisha ya mtu. Hukaa kwenye nyumba ya wageni mjini, na kila anayejiita muungwana hupeleka karatasi zake aoneshe alikoipata ngao. Asiye na ushahidi, jina lake husomwa sokoni siku ya gulio mbele ya wauza vitunguu, kwamba huyu si muungwana na asijiite hivyo tena. Akikuta ngao ya uongo kanisani ana amri ya kuivunja. Alikuwa anapita makanisani kunakili makaburi, kwa sababu wao huamini jiwe kuliko mdomo.

Siku moja kabla hajafika kwetu, Kasisi Wragg alikuja kinuni kununua unga ambao hakuuhitaji. Aligeuzageuza kofia mkononi. "Mkaguzi atakuwa kanisani kesho baada ya adhuhuri," akaniambia mimi, akiangalia ukuta. "Nasema tu." Akaondoka, gunia akalisahau. Nilimsamehe nusu ya woga wake siku hiyo.

Adhuhuri tulikuwa tumeshakaa kwenye benchi letu. Ursula hakubadilisha nguo. Nilimwambia avue walau ile aproni ya kazi, akaniambia, "Wifi, marehemu havai nguo mpya."

Mkaguzi aliitwa Bwana Pettifer. Nilitarajia mtu mwenye joho la dhahabu, akaingia mtu mwembamba mwenye mafua, buti za tope, begi begani. Bwana Lionel alimwonesha kaburi kama mtu anayeonesha farasi mnadani. Mkaguzi aliangalia ngao ile kubwa, akapekua kijitabu chake, akaguna kukubali. Akaandika. Akashuka kwa watoto.

"Huyu wa kwanza ni wewe. Huyu mdogo?"

"Francis. Alikufa na miaka miwili."

"Na huyu wa katikati?"

"Ursula. Marehemu."

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani si mwaka, Bwana. Nataka mwaka."

Bwana Lionel akakohoa. Wifi yangu akainuka.

"Nami nautaka," akasema, "maana sijawahi kuambiwa."

Mkaguzi akageuka. "Wewe nani?"

"Ndimi huyo wa katikati."

Akaliangalia jiwe, akamwangalia Ursula aliyekuwa mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi, akaliangalia jiwe tena. "Hamfanani sana," akasema.

"Mchongaji hakuniona. Na mimi nina mwili kidogo."

"Huyu mwanamke ana kichaa," Bwana Lionel akasema kwa haraka. "Mkewe mwenye kinu. Kila Jumapili anatuletea vituko."

"Daftari la parokia liko wapi?" mkaguzi akauliza, akipenga kamasi.

Sijawahi kumwona Kasisi Wragg akikimbia vile, si kabla wala baada. Alileta daftari tayari kalifungua, kidole kipo mahali pake. Akasoma kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikutetemeka. Ursula, binti wa Ambrose Averill, amebatizwa. Ursula Averill na Gregory Catchpole, wamefunga ndoa. Watoto wao watano, wamebatizwa. Wawili kati yao, wamezikwa. "Ursula mwenyewe kuzikwa," akasema, "sijaandika. Kwa sababu sijamzika."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. Nilidhani sasa atasema neno la huruma, lakini yule hakuwa mtu wa huruma.

"Bwana Averill," akasema, "mimi sijali dada yako kaolewa na nani. Angeolewa na mchunga nguruwe ni shauri lao. Kazi yangu ni mawe. Miaka mia mbili ijayo atakuja mtu kama mimi, sisi sote hatupo, ataandika atakachokiona hapa. Damu ya baba yake anayo, huwezi kuitoa kwa patasi. Wazazi wake wote wawili wamemtangulia, yeye hakuwatangulia. Fuvu hili ni uongo, na nikiacha uongo mmoja ubaki, itanibidi niyatilie shaka na mengine yote hapa, hata korongo."

Akatoa nyundo ndogo begini. Akagonga mara moja, mara mbili. Fuvu likaanguka pamoja na ncha ya kidole, likabingirika hadi kwenye kiatu cha wifi yangu. Akaliokota, akalitia mfukoni mwa aproni kama kitunguu. Mkono wa sanamu ukabaki umekunjwa, haukushika chochote.

"Sasa ngao," mkaguzi akasema. "Mwanamke aliyeolewa anapewa ngao mbili ndani ya moja, nusu ya mume na nusu ya baba yake. Mumeo ana ngao?"

"Hana."

"Basi nusu yake huachwa tupu."

Hapo Bwana Lionel akabadilisha sura. Akamsogelea dada yake, na nadhani kwa mara ya kwanza tangu utotoni akamshika mkono. "Dada," akasema. "Sikiliza, dada. Kuna njia nyingine. Kuna lile umbo la almasi wanalopewa wanawali badala ya ngao. Korongo wote watatu, wazima, rangi yote, peke yako. Mkaguzi, si inaruhusiwa?"

"Watu hufanya," mkaguzi akasema. "Mimi sitaligonga."

"Unaona? Utarudi kwetu, dada. Utakaa kwenye benchi la mbele. Siku yako ikifika utalala humu ndani, hapa, kwa mama, pakavu. Nakuapia mbele ya Kasisi. Ninachoomba ni hicho tu, lisionekane jina la yule mtu."

 Nilimwona Ursula akiweka kiganja juu ya mkono wa mama yake wa jiwe, juu ya mikunjo ya mkono wa gauni, akaipapasa mmoja baada ya mwingine. Nilijua anachokifikiria. Nilijua kwa sababu masika ile tulikuwa tumesimama pamoja kwenye makaburi ya watoto wake, maji yametufika vifundoni. Nami niliogopa, jamani. Miaka thelathini nilikuwa nimemwita wifi, na dakika ile niliogopa kwamba atatuacha. Nisingemlaumu. Ningemchukia, lakini nisingemlaumu.

"Wanawali," akasema mwishowe. "Mimi mwanamwali, Lionel? Nina watoto watano. Nikikubali hilo, umeniondolea fuvu mimi umempa Gregory." Akaondoa kiganja chake pale kwa mama yake. "Bwana mkaguzi, andika hiyo yenye nusu tupu."

"Itabaki hivyo," mkaguzi akasema. "Haipambwi, haijazwi. Nyeupe kama ukuta."

"Nyeupe ndiyo yenyewe. Mume wangu hata ukimkung'uta hatoki rangi nyingine."

"Utajiaibisha mbele ya mkoa mzima!" Bwana Lionel akapaza sauti. "Kila atakayepita hapa atauliza hiyo nusu ni ya nani!"

"Waulize."

"Na huko nje utaoza majini!"

"Nitaoza na wanangu," wifi yangu akasema. "Kaa na pakavu pako."

Mkaguzi alikuwa ameshachovya kalamu. "Mume anaitwa nani kamili?" akauliza. Mimi ndiye niliyejibu, maana Ursula alikuwa amegeuka ukutani anajifuta uso kwa aproni. Nilimtajia herufi moja moja, nikamwangalia akiandika jina la kaka yangu kwenye kitabu cha Malkia.

Yule Mholanzi alirudi mwezi wa tisa. Akachonga ngao juu ya kichwa cha Ursula. Nusu moja akaipaka nyekundu, akachora korongo. Nusu nyingine akaipaka nyeupe, akaiacha. Vumbi lake nililifagia mimi mwenyewe. Lile fuvu tulilipeleka kinuni, na ndilo linalozuia mlango usipigwe na upepo. Ni zito kiasi kinachofaa.

Kazi ilikuwa kumleta Gregory. Alikuwa hajasikia habari zote, au alisikia akadhani hakusikia vizuri; na masikio yake huwezi kujua. Jumapili ile Ursula alimshika mkono kwenye lango la uwanja, na alipotaka kuelekea mlango mdogo akamvuta. Wakaingia kwa mlango mkubwa. Kanisa lilikuwa limejaa. Mke wa Bwana Lionel alikuwa ameacha nafasi kwenye benchi la mbele, sijui kwa wema au kwa kuogopa maneno ya watu, na kijilango cha benchi kilikuwa wazi. Ursula aliipita ile nafasi kama hakuiona, akamsimamisha mumewe mbele ya kaburi.

Gregory akavua kofia. Aliangalia sanamu ya mkewe, ule mkono uliokunjwa bila fuvu. Akainua macho kwenye ngao. Akakaa hapo akiangalia, na kanisa zima tukimwangalia yeye.

"Hawa mabata ni wa kwenu," akasema. Alisema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kila mmoja akasikia. Akanyoosha kidole kwenye upande mweupe. "Na huyu?"

"Huyo ni wewe!" Ursula akamwambia sikioni kwa kelele.

"Mimi?"

"Wewe!"

Kaka yangu akainamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya anapoupima unga kati ya vidole. Kisha akakinyanyua, na hakikushuka tena.

"Nimetoka vizuri," akasema.

Wakaja nyuma, benchi baada ya benchi, mkono kwa mkono, hadi kwenye kamba za kengele. Wifi yangu akasimama mbele yangu.

"Sogea, wifi," akasema.

Nikasogea.